Kiwanja cha Aveba na Mizigo Iliyoshuka Hapo

Tarehe 7 Machi 2014, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mjini The Hague ilitoa hukumu dhidi ya Germain Katanga, mtoto wa Ituri aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu wakati wa matendo aliyoshtakiwa. Hukumu yenyewe ni kitabu kizima, na ndani yake kijiji kimoja cha Walendu-Bindi kinatajwa tena na tena: Aveba. Kijiji hicho hakina mgodi wa dhahabu wala bandari. Kilikuwa na kiwanja cha ndege. Majaji walieleza kwamba kiwanja kile kiliweza kupokea ndege zilizobeba silaha, na kwamba jambo hilo, pamoja na cheo cha Katanga pale kijijini, ndilo lililomfanya awe mtu wa kati asiyeepukika baina ya waliotuma silaha na waliozitumia. Ni nadra kesi ya dunia nzima kusimama juu ya ukanda wa udongo usio na lami, usio na mnara wa kuongozea ndege, usio hata na gari la zimamoto.

Aveba iko kusini mwa Bunia, katika teritwari ya Irumu, kwenye vilima vya Wangiti, ambao vitabuni huitwa pia Walendu wa kusini. Makao makuu ya kolektivite ya Walendu-Bindi ni Gety, si mbali na hapo. Ukishuka kusini zaidi unapita Bukiringi, kisha unafika Boga, mji wa Waanglikana, alikozikwa Apolo Kivebulaya mwaka 1933. Mganda huyo alikwenda Boga mara ya kwanza mwaka 1896, kwa miguu, akivuka bonde la Semliki. Njia aliyoipita inatukumbusha kwamba watu wa pande hizi hawakuwahi kungoja ndege ili wakutane na majirani. Masoko yalikuwapo, ndoa zilikuwapo, mitumbwi ya Ziwa Albert ilikuwapo. Yaliyoligeuza eneo hili kuwa kama kisiwa cha nchi kavu yalikuja baadaye sana: barabara zilizokufa, kisha vita.

Usafiri wa anga ulianza Kongo mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1920 Wabelgiji walianzisha safari za ndege za kutua majini juu ya mto Kongo, zikipanda kutoka Kinshasa, na njia hiyo ikapewa jina la Mfalme Albert. Shirika la Sabena liliundwa mwaka 1923. Miaka miwili baadaye rubani Edmond Thieffry aliondoka Ubelgiji na kufika Leopoldville, yaani Kinshasa ya leo, baada ya siku 51, mwendo ambao meli ingeushinda kwa urahisi. Upande wetu wa mashariki, ndege za majini za Imperial Airways za Waingereza zilitua Butiaba, ng'ambo ya Ziwa Albert, tangu miaka ya mwanzo ya 1930. Butiaba hiyohiyo, Januari 1954, ndiko mwandishi Ernest Hemingway aliponusurika ajali yake ya pili katika muda wa siku mbili. Ndege iliyokuja kumwokoa ilishika moto ilipokuwa ikijaribu kuruka kwenye kiwanja chenye mashimo. Magazeti ya dunia yalikuwa yamekwisha kumtangaza marehemu. Wavuvi wa ziwa hawakuhitaji kusoma magazeti hayo kujua kiwanja kibaya kinafanya nini.

Kwa vijiji vya ndani, ndege haikuletwa na serikali. Ililetwa na makanisa na hospitali zake. Daktari Carl Becker, Mmarekani wa misheni ya Africa Inland, alikuwa Kongo tangu mwaka 1929, na kwa miaka mingi alitibu watu Oicha, karibu na Beni. Uasi wa Simba wa mwaka 1964 ulimfukuza. Aliporudi, misheni kadhaa ziliungana naye, wakajenga kituo kikubwa cha tiba Nyankunde, magharibi mwa Bunia, mahali palipokuwa na hospitali, shule ya wauguzi na ghala la dawa. Ndege ndogo za Mission Aviation Fellowship, shirika ambalo watu hulijua kwa herufi tatu za MAF, ziliweka kambi hapohapo. Daktari alipanda ndege asubuhi, akatua penye zahanati ya mbali, akapasua wagonjwa, akaruka tena. Mgonjwa ambaye angebebwa kwa machela siku nne alifikishwa mezani kwa saa moja.

Mpango wa namna hiyo hauwezi kuishi bila viwanja vidogo, na kiwanja kidogo si kitu rahisi kama kinavyoonekana ukiwa juu. Nyanda za Ituri ziko juu sana. Uwanja wa Bunia wenyewe uko kama mita 1,230 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya juu ni nyepesi, na hewa ya mchana wa jua kali ni nyepesi zaidi. Injini hupungukiwa nguvu, mabawa hushika vibaya, na ndege iliyotosheka na mita 400 pwani huhitaji nyingi zaidi huku. Kwa hiyo rubani wa vilimani hupenda kuruka alfajiri. Hupenda pia kiwanja chenye mteremko, atue akipanda na kuruka akishuka. Majani yakifika magotini yanakula mwendo wa magurudumu. Mvua ikichimba mfereji katikati, safari imekwisha. Ng'ombe na mbuzi ni tatizo la kila siku, na dawa yake ni mtoto mwenye fimbo na kengele ya kanisa.

Matengenezo yote hayo yalikuwa kazi ya mikono. Enzi za Mobutu kazi za umma za kijiji ziliitwa salongo, na kwa kawaida Jumamosi ndiyo ilikuwa siku yake: kila nyumba itoe mtu, kila mtu aje na fyekeo au jembe. Watu waliilalamikia salongo, na walikuwa na haki, maana mara nyingi chifu aliigeuza shamba lake binafsi. Lakini kiwanja cha ndege kilikuwa na faida inayoonekana. Kilipolimwa vizuri, dawa zilishuka. Kilipoachwa, hazikushuka. Sidhani kuna mradi wowote wa maendeleo ambao mwananchi aliweza kuupima kwa haraka hivyo.

Ukilinganisha kisiwa hiki cha nchi kavu na visiwa halisi, tofauti inakuwa wazi. Kisiwa cha Mafia, Tanzania, kilikuwa na kiwanja cha changarawe kwa miongo mingi, hadi kilipowekewa lami kwa fedha za mfuko wa Marekani wa Millennium Challenge, katika mkataba uliomalizika mwaka 2013. Pale kulikuwa na serikali iliyosaini, mkandarasi aliyelipwa, watalii wa papa-potwe waliotarajiwa. Aveba haikuwa na mtalii wala mkandarasi. Ilikuwa na mafyekeo, na kiwanja kinachotunzwa kwa mafyekeo kina tabia moja ambayo cha lami hakina: anayeamuru wenye mafyekeo ndiye anayeamua ndege ipi itatua.

Vita vya Ituri vilianza mwaka 1999 mbali kidogo na hapo, upande wa kaskazini, katika teritwari ya Djugu, juu ya mashamba yaliyogombewa kati ya Wahema na Walendu. Majeshi ya Uganda yalikuwa yameishika Ituri. Juni mwaka huo jenerali mmoja wa Uganda, James Kazini, aliunda mkoa mpya kwa amri yake na kumteua gavana, kana kwamba nchi ni yake. Ugomvi wa mashamba ukapata bunduki, bunduki zikapata wafadhili, na kufikia mwaka 2003 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu zaidi ya 50,000 walikuwa wamekufa. Namba hiyo ni ya makadirio. Makaburi hayakuhesabiwa.

Agosti 2002 kundi la UPC la Thomas Lubanga, lililoegemea Wahema, liliiteka Bunia kwa msaada wa Waganda. Tarehe 31 ya mwezi huo wapiganaji wake walishambulia Songolo, kijiji cha Wangiti, na kuua watu wengi. Siku chache baadaye, Septemba 5, Wangiti pamoja na askari wa APC, jeshi la kundi la Mbusa Nyamwisi, waliivamia Nyankunde. Waliingia hospitalini, wakatoa watu vitandani kwa kabila zao. Kwa siku kadhaa waliuawa watu zaidi ya 1,000, wengi wao Wahema na Wabira. Ghala la dawa liliporwa, vyumba vya upasuaji vikaharibiwa, na kambi ya ndege ikavunjwa. Wagonjwa na wauguzi walionusurika walitembea siku nyingi msituni hadi Oicha, ambako Becker alianzia. Kazi iliyojengwa kwa karibu miaka 40 ilikoma ndani ya juma moja, na pamoja nayo ile mizunguko ya ndege za madaktari.

Hapo ndipo Aveba inapoingia katika historia kubwa. Walendu-Bindi ilikuwa imezingirwa. Bunia ilikuwa ya UPC, na njia ya kwenda ziwani ilikatwa na kambi ya UPC iliyowekwa katikati ya Bogoro, kama kilomita 25 kutoka Bunia. Wangiti walikuwa na watu na mapanga, lakini risasi walikosa. Huko kusini, Beni, walikuwapo waliokuwa nazo. Serikali ya Kinshasa ilikuwa imeungana na RCD-K/ML ya Mbusa Nyamwisi, na mjini humo kulikuwa na makao ya pamoja ya kijeshi yaliyoitwa EMOI. UPC nayo ilikuwa imekwisha kuiacha Uganda na kugeukia Rwanda, iliyoipelekea silaha kwa ndege, baadhi zikishushwa Mandro, jirani na Bunia. Kwa hiyo mwishoni mwa mwaka 2002 anga ya Ituri ilikuwa na mistari miwili ya silaha, mmoja kutoka Kigali na mwingine kutoka Beni, na kila mmoja ulihitaji mahali pa kushukia.

Mwisho wa mstari wa Beni ulikuwa Aveba. Katanga, aliyekuwa na kambi yake pale, alisafiri hadi Beni, akazungumza na wakubwa, na silaha na risasi zikaja kwa ndege. Kutoka kiwanjani ziligawiwa kwa makamanda wa kambi nyingine za Walendu-Bindi. Mahakama ilisema bila wao kupata shehena hiyo wasingekuwa na uwezo wa kumzidi adui waliyemwendea. Tarehe 24 Februari 2003, alfajiri, Bogoro ilishambuliwa kutoka pande zote. Kambi ya UPC ilianguka, lakini mauaji hayakuishia kambini. Wakazi waliuawa majumbani na vichakani walikojificha, nyumba zikachomwa, mabati yakang'olewa, ng'ombe wakaswagwa.

Kiwanja cha Aveba hakikuwa peke yake katika kazi hiyo. Mongbwalu, mji wa dhahabu, nao una kiwanja, na kila kundi lililoushika mji lilishika pia njia ya kupeleka dhahabu nje. Baadaye, mwaka 2007, Umoja wa Mataifa uliliwekea vikwazo shirika dogo lililoitwa Butembo Airlines kwa kazi ya namna hiyo. Watu wa Ituri walijifunza kutambua ndege kwa mlio. Walijua ipi inaleta chumvi na sabuni, ipi inapaswa kukimbiwa.

Uwanja mkubwa wa eneo, ule wa Bunia unaoitwa Murongo, ulipitia msukosuko wake mwaka uleule wa shambulio la Bogoro. Waganda waliushika hadi Mei 6, 2003, walipoondoka. Nyuma yao walibaki walinda amani wa Uruguay wapatao 700, walioruhusiwa kulinda majengo na watumishi wa Umoja wa Mataifa lakini si mji mzima. Ndani ya juma moja UPC, iliyokuwa imefukuzwa mjini, ilirudi kwa mapigano ya mitaa kwa mitaa. Maelfu ya wakazi walikimbilia mahali pawili tu walipodhani bendera ya bluu ingewalinda: ofisi za MONUC, ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini, na uwanja wa ndege. Kandokando ya uwanja ikaota kambi ya turubai, ikadumu kwa muda mrefu baada ya risasi kupungua.

Mei 30 Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, na Umoja wa Ulaya ukatuma kikosi kilichoongozwa na Ufaransa, kazi iliyopewa jina la Artemis. Tatizo la kwanza la Wafaransa halikuwa wapiganaji. Lilikuwa lami. Njia ya kurukia ya Bunia, yenye urefu wa mita 1,850 hivi, ilikuwa imechoka. Ndege kubwa za mizigo zisingeweza kuitumia, kwa hiyo kila kitu kilishushwa Entebbe kwanza, kikapakiwa upya kwenye ndege za ukubwa wa kati kama Transall na Hercules, ndipo kikavushwa juu ya Ziwa Albert. Wahandisi wa jeshi walikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kupelekwa, wakaziba mashimo huku ndege zikiendelea kutua. Tarehe 1 Septemba kikosi kilikabidhi kazi kwa brigedi ya MONUC ya Ituri na kurudi Ulaya. Utanuzi wa uwanja wa Bunia ninaoujua mimi ulikuwa wa aina hiyo zaidi: si mchoro wa wizara, bali kila dharura kuacha kipande chake, maegesho hapa, ghala la mabati kule, uzio wa nyaya, matangi ya mafuta, kituo cha helikopta. Ebola iliyotangazwa Agosti 2018 na kudumu hadi Juni 2020 ilileta mzigo mwingine, ikiwamo masanduku ya chanjo yanayohitaji baridi kali, na ndege za UNHAS, huduma ya anga ya kibinadamu ya Umoja wa Mataifa, zilizopanga safari za Bunia kama mabasi.

Wanasheria nao walianza kuangalia viwanja. Vikwazo vya silaha juu ya Ituri na Kivu viliwekwa Julai 2003 kwa azimio 1493. Haikuchukua muda wataalamu wa Umoja wa Mataifa kugundua kwamba vizuizi vya barabarani havikutosha, maana silaha zilipita juu yao. Aprili 2005 azimio 1596 likazitaka nchi za eneo hili zihakikishe ndege zinafuata mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 kuhusu usafiri wa anga, zikague hati za ndege na za marubani, na zitunze daftari la safari. Maneno mazuri. Daftari la safari linahitaji karani, meza, na mtu asiyeogopa kumuuliza rubani ametoka wapi. Kwenye kiwanja cha majani aliyesimama kandokando alikuwa kwa kawaida kijana mwenye bunduki, na yeye ndiye aliyekuwa akiungoja mzigo.

Katanga mwenyewe alipewa cheo cha jenerali katika jeshi la taifa mwishoni mwa mwaka 2004, akakamatwa Kinshasa miezi michache baadaye, na Oktoba 2007 akapelekwa The Hague. Kesi ilifunguliwa Novemba 2009. Januari 2012 majaji walifanya jambo ambalo wakazi wengi hawakulitarajia: walikwenda wenyewe Ituri, wakafika Bogoro, Zumbe na Aveba, wayaone kwa macho maeneo waliyokuwa wakisikia mashahidi wakiyaeleza. Naona safari hiyo ilikuwa na maana zaidi ya kurasa nyingi za ushahidi. Mtu aliyekaa Ulaya akisikia neno uwanja wa ndege hufikiria vioo na ngazi za umeme. Akisimama Aveba huelewa jinsi kitu kidogo namna ile kinavyoweza kuwa kikubwa kuliko vyote vilivyokizunguka.

Hukumu ilimkuta Katanga na hatia ya kusaidia makosa ya mauaji, kushambulia raia, kuharibu mali na kupora. Makosa ya ubakaji, utumwa wa kingono na kutumia watoto vitani hayakuthibitishwa dhidi yake. Jaji mmoja kati ya watatu, Christine Van den Wyngaert, alipinga hukumu nzima, akisema njia ya kisheria iliyotumika ilibadilishwa mwishoni na kumnyima mshtakiwa haki ya kujitetea. Katanga alifungwa miaka 12, iliyopunguzwa baadaye, na Desemba 2015 akarudishwa Kinshasa, ambako serikali ilimfungulia mashtaka mengine. Machi 2017 mahakama iliagiza fidia kwa waathirika 297: dola 250 kwa kila mmoja kama ishara, na juu yake msaada wa pamoja wa makazi, elimu, shughuli za kipato na tiba ya majeraha ya moyo. Katanga alitajwa kuwajibika kwa dola milioni 1, na palepale ikakubaliwa kwamba hana kitu, hivyo mfuko wa waathirika ukaombwa ulipe.

Walendu-Bindi haikutulia kwa hukumu hiyo. FRPI, kundi lililozaliwa katika vita vile, liliendelea kuishi vilimani, likiingia na kutoka katika mipango ya kusalimisha silaha, hadi mkataba uliosainiwa Gety tarehe 28 Februari 2020. Mwaka mmoja baadaye, Mei 2021, Ituri yote iliwekwa chini ya utawala wa kijeshi. MAF, iliyopoteza kambi yake Nyankunde, iliendelea na kazi ikiwa na kituo Bunia, na hospitali ya Nyankunde ilijengwa tena.

Kuhusu shehena za Beni, hesabu imebaki upande mmoja. Mahakama ilieleza kwa kirefu zilivyoshuka, nani alizipokea na nani aligawiwa. Waliozipakia, waliotoa amri zipakiwe na waliozirusha hawakushtakiwa The Hague.